Mwongozo Kamili wa Kuzuru na Kupiga Picha Jumba la Kale la Chuo Kikuu cha Coimbra, Ureno

Chuo Kikuu cha Coimbra kilianzishwa mwaka 1290 na Mfalme Dinis. Kwa zaidi ya karne mbili kilihamishwa huku na huko kati ya Lisbon na Coimbra, hadi mwaka 1537 Mfalme João III alipokituliza Coimbra kwa kudumu na kukipa nafasi katika jumba la kifalme lililokuwa kileleni mwa mji. Jumba hilo, linaloitwa leo Paço das Escolas, lilikuwa na historia ndefu kabla ya mwanafunzi yeyote kuingia. Mwishoni mwa karne ya 10 lilikuwa ngome ya liwali wa Kiislamu, na tangu mwaka 1131 lilikuwa makazi ya Afonso Henriques, aliyekuja kuwa mfalme wa kwanza wa Ureno. Chuo kililinunua rasmi mwaka 1597, na mwaka 2013 UNESCO ikaliingiza, pamoja na sehemu nyingine za chuo na mji wa kale, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kuliangalia jumba hili kwa makini. Maktaba yake maarufu ilijengwa kati ya 1717 na 1728, enzi ya Mfalme João V, wakati dhahabu ya Brazil ilipokuwa ikimiminika Ureno. Mwaka huohuo wa 1728 majeshi ya mfalme huyo yaliingia tena Mombasa na kuikalia Fort Jesus, ngome waliyoipoteza kwa Waomani mwaka 1698, kisha wakafukuzwa tena mwaka 1729. Juu ya mlango wa maktaba imechongwa nembo ya kifalme yenye ngao tano ndogo, nembo ileile iliyoko kwenye msalaba wa nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Naona mpiga picha anayetoka kwetu anapaswa kuyajua haya kabla ya kuinua kamera, kwa kuwa yatamfanya aone mambo ambayo mgeni mwingine atayapita.

Ziara nzima inatawaliwa na mambo mawili: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya maktaba, na upande ambao jua liko. Ukiyapanga hayo mawili vizuri, mengine yote yatajipanga. Ndiyo maana hatua zifuatazo zimefuata mwendo wa siku, kuanzia maandalizi ya nyumbani hadi kazi inayobaki baada ya kurudi.

Hatua ya kwanza: maandalizi kabla ya safari

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida hayapaswi kuwasilishwa chini ya siku 15 kabla ya kuondoka. Ni busara kuyapeleka mapema zaidi, kwa sababu nafasi za miadi hujaa. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000, na ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kama unakwenda na kamera yenye thamani kubwa, beba nakala ya risiti zake, ili usiulizwe ushuru wa bidhaa mpya unaporudi nyumbani.

Uchaguzi wa msimu unastahili kufikiriwa zaidi ya watu wengi wanavyofanya. Coimbra iko takriban digrii 40 kaskazini ya ikweta, na mwendo wa jua huko unamshangaza mtu aliyezoea jua la Dodoma au Kisumu. Mchana wa Desemba jua hupanda hadi kama digrii 26 tu juu ya upeo wa macho, hivyo vivuli hubaki virefu kutwa nzima na mwanga huwa wa pembeni, mzuri sana kwa kuonyesha michongo ya mawe, ingawa siku ni fupi na mvua ni nyingi. Mchana wa Juni jua hupanda hadi kama digrii 73, mwanga huwa mkali na bapa kwa saa nyingi, lakini machweo huchelewa hadi karibu saa tatu usiku, na mwanga wa baada ya machweo hudumu kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Zaidi ya hayo, jua la mchana huko huwa upande wa kusini mwaka mzima, jambo ambalo si kweli kwetu. Kwa maoni yangu, mwisho wa Septemba na mwezi wa Oktoba ndio wakati bora, kwa kuwa joto limepungua, wanafunzi wamerudi, na jua halijashuka mno. Mwezi wa Mei nao una uhai mkubwa kwa sababu ya Queima das Fitas, sherehe ya wanafunzi wanaokaribia kuhitimu, ila hoteli hujaa na baadhi ya sehemu huzingirwa na umati.

Tiketi ya maktaba, inayoitwa Biblioteca Joanina, inunuliwe mapema kwenye tovuti ya utalii ya chuo. Wageni huingizwa kwa makundi kwa saa maalumu, na anayechelewa hana hakika ya kuingizwa na kundi lingine. Saa za huko huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, kwa hiyo 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Andika saa hiyo kwa namna unayoitamka mwenyewe na uiweke mahali utakapoiona, na usisahau kwamba Ureno iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Ninapendekeza uchague kundi la kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ili saa za mwanzo zibaki kwa ajili ya ua wa nje. Tiketi ya pamoja hujumuisha pia kanisa dogo, kumbi za jumba la kifalme na maabara ya kale ya kemia, lakini kwa mnara uliza mapema, kwa kuwa huwa na tiketi yake.

Soma kanuni za upigaji picha wakati unanunua tiketi, usingoje kuzisoma mlangoni. Katika ukumbi mkuu wa Joanina kupiga picha hairuhusiwi. Kwingine ndani, kanuni ya jumla ni kutotumia flashi wala tripodi, yaani kiegemeo cha kamera chenye miguu mitatu, na kufuata vibao na maagizo ya walinzi. Anayetaka kupiga picha za kibiashara, za harusi au za filamu anapaswa kumwandikia ombi msimamizi wa chuo muda mrefu kabla. Droni iachwe nyumbani, kwa kuwa picha za angani nchini Ureno zinahitaji kibali maalumu, na mji wa kale wenye msongamano si mahali pa kujaribu.

Hatua ya pili: vifaa

Simu janja nzuri inatosha kwa mtu anayetaka kumbukumbu na picha za mtandaoni. Kwa mwenye kamera, lenzi moja pana ya kati ya milimita 16 na 35 kwa kamera ya fremu kamili itafanya kazi kubwa, na lenzi nyingine ya kati ya milimita 70 na 200 itahitajika kwa michongo ya juu na kwa picha ya mji kutoka ng'ambo ya mto. Beba betri ya ziada, memori kadi mbili badala ya moja kubwa, kitambaa cha kufutia lenzi, na viatu vyenye soli isiyoteleza, kwa kuwa barabara za Coimbra zimetandazwa mawe madogo ya chokaa ambayo huteleza kama sabuni yakilowa. Begi liwe dogo, maana mkoba mkubwa wa mgongoni huwa kero katika vyumba vyenye samani za kale, na mlinzi anaweza kukutaka uuvae mbele au uuache. Tripodi ndogo inafaa kwa picha za jioni nje ya chuo tu.

Kabla ya kulala, weka kamera ihifadhi faili ghafi, yaani RAW, pamoja na JPEG, rekebisha saa ya kamera ifuate saa ya Ureno, na uzime flashi kabisa ili isijiwashe yenyewe.

Hatua ya tatu: kufika na kupanda kilima

Treni za kati ya Lisbon na Porto husimama katika stesheni ya Coimbra-B, iliyo nje kidogo ya kitovu cha mji, na kutoka Lisbon safari huchukua kama saa mbili. Kutoka stesheni chukua basi au teksi hadi mjini. Chuo kiko juu kabisa, na njia ninayoipenda ni ile ya kupanda kwa miguu kupitia lango la Arco de Almedina, kupita ngazi za Quebra Costas, hadi Sé Velha, kanisa kuu la karne ya 12 linaloonekana kama ngome. Njia hii inakuonyesha jinsi mji ulivyojengwa kwa tabaka, na unapofika juu utaelewa kwa nini watawala wote walikitaka kilima hiki. Asiyeweza kupanda atumie teksi hadi karibu na Porta Férrea, lango la kuingilia ua wa chuo. Ukipitia upande wa pili utakutana na Escadas Monumentais, ngazi 125 zilizo pana, zikiishia katikati ya majengo makubwa ya mraba yaliyojengwa katikati ya karne ya 20 baada ya serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno wa enzi hizo, kubomoa sehemu kubwa ya makazi ya kale. Majengo hayo hayana mvuto wa jumba la kale, lakini piga picha moja au mbili, kwa sababu bila hayo mtazamaji hawezi kuelewa kwa nini jumba la kale limebaki peke yake pale juu.

Hatua ya nne: ua mkuu, asubuhi na mapema

Kuingia katika ua hakuhitaji tiketi, na hapa ndipo unapopaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Fika kabla ya makundi ya watalii, na usianze kupiga picha mara moja. Zunguka ua wote kwanza ukiwa na kamera begani, usome jinsi majengo yalivyokaa.

Unaingia kwa Porta Férrea, lango la mwaka 1634, upande wa mashariki. Juu yake zimewekwa sanamu za wafalme Dinis na João III pamoja na alama za vitivo vya kale. Mbele yako, upande wa magharibi, ni kanisa dogo la São Miguel, na kushoto zaidi, kwenye kona, ni mlango wa maktaba. Kulia kwako, upande wa kaskazini, ni jumba lenyewe pamoja na Via Latina, baraza ndefu yenye nguzo, na kwenye kona ya kaskazini-magharibi umesimama mnara. Upande wa kusini uko wazi, na unaangalia paa za mji na mto Mondego. Katikati iko sanamu ya João III.

Mpangilio huu ndio unaokupa ratiba ya mwanga. Asubuhi jua la mashariki hupiga moja kwa moja uso wa kanisa dogo na sehemu ya mlango wa maktaba, kwa hiyo anza huko. Via Latina inatazama kusini, na hupata mwanga kwa sehemu kubwa ya siku, lakini inapendeza zaidi jua likiwa bado chini upande mmoja, wakati vivuli vya nguzo vinapolala sakafuni. Uso wa ndani wa Porta Férrea unatazama magharibi, na ukiupiga asubuhi utapata kiza tu, hivyo uuache hadi alasiri. Mnara unafaa kupigwa ukiwa umesimama kwenye kona ya mbali, upande wa kusini-mashariki, ukiiweka sanamu ya mfalme mbele kama kipimo cha ukubwa.

Mawe ya chokaa ya jumba hili ni meupe sana, na weupe huo huidanganya kamera. Kamera hudhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, kisha huipunguza picha hadi mawe yanakuwa ya kijivu. Ongeza kiwango cha mwanga kwa theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu (stopu ni kipimo cha mwanga: stopu moja zaidi ni mwanga maradufu), kisha utazame histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na kiza kwenye picha, ili uhakikishe kwamba sehemu nyeupe kabisa hazijapoteza michongo yake. Kwa simu, gusa ukuta kwenye kioo, ufunge kipimo, halafu uburuze alama ya jua juu au chini taratibu. Ikiwa nusu ya ua iko kivulini na nusu juani, piga picha tatu za viwango tofauti vya mwanga bila kusogea, uziunganishe baadaye.

Kosa linaloharibu picha nyingi za majengo ni kuinua kamera juu ili kuupata mnara wote, kwa sababu hapo kuta huonekana zikianguka kwa nyuma. Rudi nyuma kadiri ua unavyoruhusu, shika kamera bila kuiinamisha juu wala chini, washa mistari ya gridi kwenye kioo, na uache nafasi ya ziada pande zote ili uweze kunyoosha picha baadaye bila kukata kilele. Ua huu ni mpana kiasi kwamba jambo hilo linawezekana, tofauti na majengo mengi ya kale yaliyobanwa na vichochoro. Ukimaliza picha pana, badilisha lenzi ushughulikie vipande: nembo juu ya mlango wa maktaba, kingo za ngazi za Via Latina, saa ya mnara.

Hatua ya tano: Biblioteca Joanina

Ziara hupitia sakafu tatu. Chini kabisa ni gereza la chuo. Chuo kilikuwa na sheria na mahakama yake, na wanafunzi waliokosea walifungwa hapa hadi mwaka 1834. Sakafu ya kati ilikuwa ya kuhifadhia na kufanyia kazi vitabu. Juu ndipo ulipo ukumbi mkuu, wenye vyumba vitatu vinavyofuatana kupitia matao marefu. Kwa picha za sakafu za chini muulize mlinzi, na akikuruhusu, uegemeze bega kwenye ukuta, uweke ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kati ya 1600 na 3200, na kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, isiwe polepole sana kuliko sekunde 1/30, kwa kuwa mwanga ni hafifu na kuta ni za mawe yasiyorudisha nuru.

Unapopanda juu, zima kamera na simu, uzitie begini. Nasisitiza jambo hili kwa moyo wote. Wapo wageni wanaojaribu kuiba picha kwa simu iliyofichwa kiunoni, na wanachopata ni picha yenye kiza, aibu mbele ya mlinzi, na dakika chache za thamani zilizopotea. Katazo hili lina msingi. Jengo lote limebuniwa ili kuhifadhi vitabu takriban 60,000, vingi vikiwa vya karne ya 16 hadi ya 18. Kuta zina unene wa mita 2.11, mlango ni wa mti wa msaji, na ndani joto hukaa karibu na nyuzi 18 hadi 20 mwaka mzima. Rafu ni za mwaloni, mti mgumu usiopendwa na wadudu. Ndani pia wanaishi popo, ambao usiku hula wadudu wanaoshambulia karatasi, na kila jioni watumishi hufunika meza za kale kwa ngozi ili zisiharibiwe na kinyesi chao. Mahali panapotunzwa kwa uangalifu wa namna hii, mgeni naye anadaiwa uangalifu.

Badala ya kamera, tumia macho kwa utaratibu. Simama kwanza mwanzoni mwa chumba cha kwanza uangalie moja kwa moja hadi mwisho, ambapo picha kubwa ya João V imewekwa mahali ambapo katika kanisa pangekuwa na madhabahu. Aliyeupanga ukumbi huu alitaka macho yako yaishie hapo. Kisha tazama rafu, zilizopakwa rangi za msingi tofauti kwa kila chumba, kijani, nyekundu na nyeusi, na juu yake zikachorwa kwa dhahabu mandhari za mtindo wa Kichina, kazi ya Manuel da Silva. Inua macho kwenye dari, ambako António Simões Ribeiro na Vicente Nunes walichora nguzo na anga za uongo zinazofanya paa lionekane juu zaidi ya lilivyo. Angalia pia ngazi zilizofichwa ndani ya nguzo za rafu. Mara tu unapotoka, kaa kwenye ukingo wa ua na uandike ulichokiona kwenye daftari, chumba kwa chumba, kabla ya kwenda kokote. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuwa picha yako ya maktaba. Ukihitaji taswira kwa makala, nunua kadi za picha za chuo au uombe taswira rasmi kwa maandishi. Chuo pia kimeweka mtandaoni nakala za vitabu vingi vya kale katika maktaba yake ya kidijitali iitwayo Alma Mater, ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa Zanzibar au Muscat.

Hatua ya sita: kanisa dogo, kumbi za jumba na mnara

Kanisa la São Miguel ni la karne ya 16, na kuta zake zimefunikwa kwa vigae vya rangi vinavyorudisha nuru kama kioo. Ukiona doa jeupe la mng'ao kwenye picha, sogea hatua mbili pembeni, litaondoka. Kinanda kikubwa cha mabomba cha mwaka 1733 kimetokeza kutoka ukuta wa pembeni, kwa hiyo kipige kutoka upande wa pili wa kanisa. Mwanga wa dirishani ni wa buluu na wa taa ni wa njano, ndiyo sababu faili ghafi zina faida kubwa hapa. Ikiwa ibada inaendelea, usipige picha hata kama hakuna kibao.

Ndani ya jumba, chumba kikuu ni Sala dos Capelos, uliokuwa ukumbi wa kiti cha enzi na ambamo hadi leo watahiniwa wa shahada ya uzamivu hutetea tasnifu zao. Wageni huutazama kutoka roshani ya juu, wakiwa sawa na picha za wafalme zilizopangwa ukutani. Dari yake ina vipande 172 vilivyochorwa. Ukiwa roshani, usijaribu kuupata ukumbi wote kwa picha moja. Chagua mstari wa viti chini, au pembe moja ya dari pamoja na mfalme mmoja. Siku zenye sherehe ukumbi hufungwa kwa wageni, na ni haki yake kufungwa, maana hicho bado ni chumba cha mtihani. Jirani yake ni ukumbi wa mtihani wa faragha, wenye picha za wakuu wa chuo wa zamani, na ukumbi wa silaha za walinzi wa sherehe. Hivi viwili vinahitaji muda mfupi tu.

Mnara ulijengwa kati ya 1728 na 1733 kwa usanifu wa Mwitaliano António Canevari, na una urefu wa mita 34. Kengele yake mashuhuri wanafunzi waliipa jina la Cabra, yaani mbuzi. Ngazi ni nyembamba na za kuzunguka, kwa hiyo panda na kamera moja shingoni, begi uliache chini kama inawezekana. Juu, piga ua ukiwa unaangalia chini, kwa sababu ni hapo tu umbo lake lote linapoonekana kwa mara moja, kisha ugeukie mto. Mwenye kizunguzungu cha kimo asijilazimishe.

Maabara ya kemia, iliyojengwa miaka ya 1770 baada ya mageuzi ya chuo ya mwaka 1772 yaliyoongozwa na Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme, iko nje ya ua, umbali wa kutembea. Nenda huko ikiwa miguu bado ina nguvu.

Hatua ya saba: watu waliomo

Hiki ni chuo kinachofanya kazi, na watu unaowakuta wamekuja kusoma. Wanafunzi wengi huvaa sare nyeusi ya jadi na joho refu jeusi, na kila mpiga picha huvutiwa nao. Kifungu cha 79 cha Kanuni ya Madai ya Ureno kinalinda sura ya mtu isionyeshwe hadharani bila ridhaa yake, ingawa kuna nafuu pale mtu anapoonekana ndani ya mandhari ya mahali pa umma. Kwa hiyo umati unaopita uani hauna shida, lakini ukitaka sura ya mtu mmoja, msogelee, umsalimu, umuulize: «Posso tirar uma fotografia?» Wengi hukubali kwa tabasamu na kukunjua joho. Anayekataa umshukuru na uondoke. Watoto wa shule waliokuja ziarani usiwapige kabisa.

Ukibahatika kukuta msafara wa madaktari wa falsafa, zingatia rangi za mavazi yao, kwa kuwa zinataja kitivo: njano ni tiba, nyekundu ni sheria, buluu iliyokolea ni fasihi na lugha, na buluu hafifu pamoja na nyeupe ni sayansi. Simama pembeni, tumia lenzi ndefu, na usikatize msafara. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika chuo hiki walisoma vijana kutoka makoloni ya Ureno barani Afrika. Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, alianza masomo yake ya udaktari hapa.

Hatua ya nane: kutoka ng'ambo ya mto

Alasiri rudi uani kwa dakika chache upige uso wa ndani wa Porta Férrea, ambao sasa una jua, kisha ushuke hadi mtoni na kuvuka daraja la Santa Clara. Kutoka ukingo wa pili, jumba la chuo linaonekana likikalia kilima chote, nyumba zikiwa zimeteremka chini yake kwa ngazi, na jua la magharibi likilipiga usoni. Lenzi ya kati ya milimita 70 na 135 inatosha. Ukipanda zaidi hadi uwanja wa mbele wa monasteri ya Santa Clara-a-Nova, utapata mnara ukiwa karibu sawa na macho yako. Subiri jua lizame. Takriban dakika ishirini baada ya hapo, anga bado lina buluu na taa za jumba zimewaka, na ndipo tripodi inapofanya kazi yake: ISO 100, tundu la f/8, na sekunde kadhaa za kuacha shata wazi, ukitumia kipima muda ili usiiguse kamera.

Hatua ya tisa: kazi ya baada ya ziara

Usiku huohuo nakili picha zote mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ndogo ya nje, na usifute kadi hadi ufike nyumbani. Nyoosha kuta zilizoinama, punguza mng'ao uliozidi kwenye mawe, lakini usiongeze rangi hadi chokaa ya Coimbra ionekane ya dhahabu kutwa nzima, maana weupe wake ndio ukweli wake.

Kila picha unayoibakiza iandikie maelezo kwa Kiswahili, ukitaja sehemu ya jengo, mwaka wake, upande uliosimama na tarehe ya kupiga, kwa mfano: «Porta Férrea, lango la Chuo Kikuu cha Coimbra, 1634, uso wa ndani, alasiri». Maelezo ya Kiswahili kuhusu majengo kama haya bado ni machache mtandaoni, na picha yenye maelezo kamili ikiwekwa Wikimedia Commons, hazina ya picha huria mtandaoni, kwa leseni huria inaweza kutumiwa na mwalimu wa historia wa Kilwa au Bagamoyo katika somo la Wareno. Wale uliowapiga kwa ridhaa na kuwaahidi nakala, watumie kabla hujaanza kuchapisha chochote.